Muhogo, Viazi na Magimbi Nyuma ya Nyumba

Kabla hujanunua mbegu wala kumwita kibarua wa kulima, ngoja mvua kubwa inyeshe. Ikikatika tu, toka uzunguke nyumba. Tazama maji yametuama wapi, na wapi yamezama upesi. Kesho yake jua likiwaka, rudi uangalie kivuli cha mwembe au cha ukuta wa jirani kinaangukia wapi asubuhi na wapi alasiri. Wengi wetu tunaanza bustani kwa kuamua tunataka kula nini, kisha tunakilazimisha kiwanja kikubali. Mazao ya mizizi hayalazimishiki. Muhogo ukisimama majini unaoza chini kwa chini huku majani yake yakiwa bado yanapendeza. Magimbi yakikosa maji yanadumaa. Kona ya ua ndiyo inayochagua zao, na kwa zao ambalo hutaliona mpaka siku ya kulichimba, ni bora uikubalie.

Jambo la pili la kuamua mapema ni kwa nini unapanda. Ukitaka wingi, nenda sokoni. Mwenye ekari tatu za muhogo kule Mkuranga atakushinda kwa bei siku zote. Faida ya uani ni nyingine. Muhogo ukishachimbwa hauna maisha marefu: ndani ya siku mbili au tatu nyama yake inaanza kupata michirizi ya buluu na kahawia, na ule wa sokoni mara nyingi umeshaimaliza siku moja kwenye lori. Wa kwako unatoka ardhini saa kumi jioni na saa moja usiku upo mezani. Ukichimba shina moja, mengine yanakungoja. Juu ya hayo una kisamvu na matembele bure. Kwa hiyo panga bustani yako kwa ajili ya kuchimba kidogo kidogo, mwaka mzima, wala si kwa mavuno ya siku moja ambayo yatakushinda kula na kukuaibisha kuuza.

Udongo wa mjini na vilivyomo

Mizizi hunenepa pale inaposukuma udongo bila kupingwa. Kichanga na tifutifu vinafaa. Mfinyanzi unafaa pia ukiinua matuta. Chimbua mpaka futi moja kwenda chini, na hapo ndipo wakazi wa mijini wanapokutana na ukweli wa viwanja vyao: kokoto, vipande vya matofali, saruji iliyoganda, misumari, chupa. Viondoe vyote. Karoti ikigusa jiwe inagawanyika miguu, na kiazi kinachokua kando ya kifusi kinatoka na mikunjo isiyomenyeka.

Mahali palipokuwa gereji, au palipowahi kuvunjwa betri za gari, usipande kabisa zao la kuchimbwa. Madini ya risasi hayaondoki kwenye udongo kwa mvua wala kwa miaka, na mizizi ndiyo inayokaa ndani yake. Kaa mbali vilevile na shimo la choo na chemba zake. Maji ya kuoshea mboga na kusuuzia vyombo unaweza kuyaelekeza kwenye magimbi au migomba. Maji yenye sabuni kali au dawa ya kusafishia choo, hapana.

Samadi tumia iliyooza kabisa, ile isiyonuka tena na isiyo na joto ukiingiza mkono. Na usizidishe. Mtu aliyezoea kulima mchicha anafikiri samadi ikiwa nyingi ni neema, lakini kiazi kitamu kilichoshiba samadi kinatoa marando ya kufunika ua wote na chini yake huna kitu zaidi ya mizizi mithili ya kamba za viatu. Majivu ya kuni, yakinyunyizwa kwa uchache, yanasaidia mizizi kujaza kwa sababu yana potasiamu. Ila usiyatie kwenye viazi mviringo. Yanapunguza uchachu wa udongo, na ukoko wa ngozi ya kiazi unapenda hali hiyo.

Muhogo: omba kuuona chini kabla ya kuchukua juu

Upande wenye jua kutwa na usiotuama maji mpe muhogo. Mahitaji yake ni machache: mita moja kutoka shina hadi shina, palizi katika miezi mitatu au minne ya mwanzo, basi. Katikati ya mashina panda kunde siku hiyohiyo; zitakuwa zimevunwa kabla muhogo haujafunga kivuli, na zitakupunguzia magugu. Mashina kumi na mawili yanatosha familia ya kawaida, lakini usiyapande yote kwa mpigo. Panda sita mvua za masika na sita mvua za vuli. Aina nyingi tamu zinaanza kulika mwezi wa nane na kubaki laini mpaka mwezi wa kumi na nne hivi, kisha zinaingia nyuzi. Kwa mpango huo wa zamu mbili, karibu kila mwezi wa mwaka utakuwa na shina lililofika.

Kazi kubwa ya muhogo inafanyika kabla ya jembe, nayo ni kuchagua mbegu. Wengi huchukua miti kwa jirani kwa kuangalia majani. Majani yanakuonyesha ugonjwa mmoja tu kwa urahisi: batobato, ambao unayakunja na kuyatia mabaka ya njano na kijani. Huo unauona ukipita njiani. Ugonjwa mwingine, wa michirizi ya kahawia, ni mjanja zaidi. Mti unaweza kusimama mzuri, una majani tele, labda yale ya chini tu yamefifia njano kandokando ya mishipa, halafu siku ya kuchimba unaukata muhogo na kukuta umejaa madoa makavu ya kahawia kama kizibo. Ng'ombe atakula, wewe hutaki.

Ugonjwa huu ni wa kwetu hasa. Ulielezwa na wataalamu kwa mara ya kwanza mwaka 1936 katika kituo cha utafiti cha Amani, milima ya Usambara, enzi za Tanganyika. Hapohapo Amani watafiti walianza kuuzalisha muhogo kwa kuuchanganya na ndugu yake, mti wa mpira wa aina ya Ceara, ili kupata uvumilivu wa magonjwa haya, na uzao wa kazi ile umeingia katika aina nyingi za muhogo zinazolimwa Afrika leo. Yote mawili, batobato na michirizi, husambazwa na inzi weupe, wale wadogo wanaoruka kama vumbi ukitikisa jani. Lakini msambazaji mkubwa kuliko inzi ni sisi wenyewe, tunapobebeana miti kwenye pikipiki kutoka kijiji hadi kijiji.

Kwa hiyo jirani akikupa miti, omba na muhogo wa shina lilelile. Ukate vipande vyembamba kuanzia kichwani hadi mkiani. Ukiwa mweupe wote, chukua miti yako na ushukuru. Ukikuta doa la kahawia, shukuru vilevile, ila miti iache hapo. Penye kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI), au KALRO kwa walio Kenya, ni vyema zaidi kuuliza kuhusu wazalishaji wa mbegu safi walio karibu. Aina zinazovumilia michirizi zipo, na Kiroba ni mojawapo inayojulikana sana ukanda wa pwani.

Miti mizuri ni ya shina lililokomaa, la miezi minane au zaidi. Tumia sehemu ya katikati. Ncha ni changa mno na kitako kimekuwa gogo. Kwaruza gome kwa ukucha: utomvu mweupe ukitoka papo hapo, mti uko hai. Kata pingili za sentimita 20 hadi 30, zenye macho matano hadi saba, kwa panga kali au msumeno ili usiupasue. Kwenye kichanga kikavu chomeka wima, theluthi mbili ziwe ardhini. Kwenye udongo mzito chomeka kwa mshazari juu ya tuta. Macho yatazame juu. Anayepanda kwa haraka huchomeka kichwa chini, na mti unaota kwa tabu.

Sasa sumu, maana lazima tuiseme. Muhogo wote una kiasi fulani cha viambata vinavyotoa sianidi. Mtamu una kidogo, mchungu una kingi. Kwa kuutazama mti huwezi kuwa na hakika upi ni upi. Uani kwako panda aina ambayo mwenye nayo anaila ya kuchemsha, na ujue jina lake. Ukame mkali huongeza sumu hata kwa aina tamu, kwa hiyo ile tabia ya pwani ya kutafuna muhogo mbichi na nazi iwe kwa muhogo unaoufahamu, kidogo, na si katikati ya kiangazi kikali. Muhogo mchungu unahitaji kuvundikwa au kulowekwa siku kadhaa na kukaushwa, na njaa ndiyo inayowafanya watu waruke hatua hizo. Wilayani Tarime, wakati wa ukame wa miaka ya 1980, watu walipooza miguu kwa ugonjwa wa konzo baada ya kula muhogo mchungu uliotayarishwa kwa haraka. Haukuwa uzembe wa wapishi. Chakula kingine hakikuwepo.

Kisamvu nacho kina sumu hiyohiyo. Chuma majani machanga ya juu, yatwange kinuni mpaka yalainike kabisa, kisha yachemshe vya kutosha chungu kikiwa wazi kabla ya kutia nazi na karanga. Usivue mti mmoja majani yote. Chuma kidogo kwa kila shina, maana majani ndiyo yanayoujaza mzizi.

Viazi vitamu na ghala linalovuja

Mazao yanapokungoja ardhini, udongo ni ghala. Kwa muhogo ni kweli kwa miezi mingi. Kwa viazi vitamu ni kweli mpaka kiangazi kinapoanza kupasua ardhi. Anayeingia hapo ni fukusi, mdudu mdogo mwenye mdomo mrefu, anayefanana na sisimizi. Hana uwezo wa kuchimba. Anangoja ufa utokee kwenye tuta, anashuka nao mpaka kwenye kiazi, anataga, na watoto wake wanakitoboa. Kiazi kilichoshambuliwa kinakuwa kichungu hata sehemu isiyo na tundu, na uchungu huo hauondoki kwa kuchemsha. Ukikionja chenye ladha hiyo, kitupe, wala usimpe mbuzi.

Ukimwelewa fukusi, umeelewa karibu kila kitu kuhusu kulima zao hili. Anataga pia kwenye marando ya zamani karibu na shina, ndiyo maana mbegu yako iwe ncha: sentimita 30 za mwisho za rando lenye afya. Anahama kutoka shamba la zamani kwenda jipya, ndiyo maana usipande pale ulipovuna msimu uliopita, na masalia ya viazi vilivyooza uyaondoe yote. Anahitaji ufa, ndiyo maana wiki ya nne hadi ya sita upandishie udongo kwenye matuta, na kila unapopita ukaona mpasuko uufunike kwa mguu.

Matuta yawe ya kimo cha goti la mtoto, yakiachana sentimita 80 hadi mita moja. Marando yakae kivulini siku moja au mbili kabla ya kupandwa. Yatalegea kidogo na kuanza kuchokoza mizizi kwenye vifundo. Panda kila sentimita 30, vifundo vitatu au zaidi viwe ndani ya udongo, wakati mvua imeshalowesha ardhi. Kuanzia mwezi wa tatu anza kuchungulia. Tuta likipasuka juu, hapo chini kuna kiazi kinachosukuma. Fukua kwa kijiti au kwa vidole, toa kikubwa, acha vidogo, na rudisha udongo vizuri. Hiyo ndiyo raha ya bustani ambayo mkulima wa shamba la mbali haipati. Ila ikifika mwezi wa tano na mvua zimekwisha, vichimbe vyote.

Kuhusu matembele, nakushauri utenge tuta lake peke yake. Zipo aina zinazolimwa kwa ajili ya mboga, na hizo hazizai viazi vya maana. Anayechuma majani kila wiki kwenye viazi vyake vya kula anajinyima mara mbili.

Sehemu moja ya bustani weka viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa ndani. Rangi hiyo ni ya kirutubisho ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, na kiazi kimoja cha wastani cha gramu 125 kinatosha mahitaji ya siku ya mtoto mdogo. Mwaka 2016 Tuzo ya Chakula Duniani ilikwenda kwa watu wanne waliofanya kazi ya kuongeza virutubisho kwenye mazao. Watatu walitambuliwa kwa kiazi hiki, akiwemo Mganda Robert Mwanga, mzalishaji wa aina mpya. Kabode, Mataya na Ejumula ni majina utakayoyasikia ukiuliza mbegu. Wazee watakwambia ni laini mno, hakina unga, na kusema kweli hawajakosea: aina nyeupe na za njano zinatafunika vizuri zaidi na chai. Panda zote mbili, wape watoto cha chungwa, na kipike na nazi au mafuta kidogo, kwa sababu kirutubisho hicho kinahitaji mafuta ili mwili ukichukue.

Viazi ulivyochimba usivioshe kama huvipiki siku hiyo. Viweke kivulini penye joto, umevifunika kwa majani au gunia, siku nne hadi saba; michubuko itajifunga ngozi mpya na havitaoza upesi. Vikizidi, iga Usukumani: kuvikata vibichi vipande na kuvianika ni michembe, kuvichemsha kwanza kisha kuvikata na kuvianika ni matobolwa. Matobolwa ni matamu zaidi kwa kutafuna hivihivi, na ndiyo yanayoisha kwanza nyumbani.

Kona ya maji

Pale uliposhuhudia maji yakituama, au bomba la nje linapodondoka, panda magimbi, ambayo Wakenya wengi wanayaita nduma. Yanastahimili kivuli chepesi, kwa hiyo chini ya migomba ni kwao. Atakayepata nafasi ya kupanda Kilimanjaro aangalie vihamba vya Wachagga: kahawa na migomba juu, magimbi chini penye unyevu, viazi vikuu vikipanda miti. Kihamba cha Shimbwe Juu kilitambuliwa na FAO mwaka 2011 kama urithi wa kilimo wa dunia, na mpango wake wa kutumia kila kimo cha hewa unafaa hata kwenye ua wa mita kumi kwa kumi.

Mbegu ni kichwa cha gimbi pamoja na mabua yaliyokatwa kubaki sentimita 15 hadi 20, au machipukizi ya pembeni. Acha nafasi ya sentimita 30 hadi 60 kati ya mche na mche. Kama huna kona ya maji, itengeneze: wakulima wa Kenya ya kati wanachimba handaki la kina cha futi mbili na upana wa mita moja, wanatandika karatasi ngumu ya nailoni chini na pembeni, kisha wanajaza mchanganyiko wa udongo na samadi mpaka katikati, wakiacha nafasi juu ya kupokea maji. Nailoni inazuia maji yasizame. Kwa ndoo chache kwa wiki unapata magimbi hata penye udongo wa kichanga. Kwa familia isiyo na bomba, mimi naona ni kazi kubwa kwa faida ndogo. Ukiwa na maji ya kuoshea mboga yanayomwagika bure kila siku, hapo ndipo hesabu inakubali.

Kati ya mwezi wa sita na wa kumi na mbili, kutegemea aina na maji, majani mapya yanaanza kutoka madogo kuliko ya zamani. Hiyo ndiyo dalili ya kuchimba. Gimbi bichi lina vichembe vinavyowasha. Paka mafuta mikononi kabla ya kumenya, chemsha mpaka kisu kipite bila kugoma, na usilionje likiwa nusu bichi. Usichukue mbegu wala chakula kwenye mitaro ya barabarani hata kama majani yanafanana. Kinachopita kwenye mitaro hiyo unakijua.

Viazi vikuu, kwa wenye subira

Bila viazi vikuu futari ya Unguja, Pemba na Tanga ina pengo, lakini bustani za mjini zimevisahau, labda kwa sababu vinataka nguzo. Vinahitaji pia shimo: upana na kina cha sentimita 50 au 60, ulijaze majani makavu, samadi iliyooza na udongo wa juu, kisha uinue kichuguu. Mbegu ni kipande cha gramu 200 hivi chenye ngozi, kilichopakwa majivu penye jeraha na kuachwa kikauke siku moja au mbili. Panda masika yanapokaribia. Mti wa mlonge unafaa sana kuwa nguzo kwa kuwa kivuli chake ni chepesi. Majani yakikauka yenyewe wakati wa kiangazi, miezi minane hadi kumi baada ya kupanda, chimba kwa uangalifu ukianzia mbali. Kiazi kikuu kikijeruhiwa hakikai, na kikitoka kizima kinakaa miezi mahali penye hewa. Mzizi wa porini unaofanana nacho usiuamini. Ndiga, kwa mfano, ina sumu, na walioila wakati wa njaa waliiloweka siku nyingi kwanza.

Viazi mviringo na wengineo

Ukiwa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, viazi mviringo vinunue. Usiku wenye joto la zaidi ya nyuzi 20 unavizuia kujaza, na hakuna samadi inayorekebisha hilo. Wa Lushoto, Njombe, Nyandarua au Meru endeleeni. Mbegu iwe ya ukubwa wa yai, iliyochipua machipukizi mafupi na magumu kwenye mwanga, si yale marefu meupe ya gizani. Shangi, inayopendwa Kenya, huchipua haraka sana baada ya kuvunwa. Ni nzuri kwa mwenye pupa, mbaya kwa anayetaka kuweka akiba. Pandishia udongo mara mbili, maana kiazi kikipata jua kinageuka kijani na kuwa na sumu ya solanini. Kipe nafasi mbali na nyanya, ndugu yake wa magonjwa. Mche ukinyauka ghafla ukiwa bado kijani, kata shina lake na ulitumbukize ncha kwenye glasi ya maji safi: nyuzi nyeupe za maziwa zikianza kushuka, ni mnyauko bakteria. Ng'oa mche pamoja na udongo wake, na hapo usirudishe viazi wala nyanya kwa misimu kadhaa.

Gunia linafaa kwa viazi hivi, lakini picha za gunia lililosheheni viazi toka chini mpaka juu zisikudanganye. Aina nyingi tunazopanda huzaa karibu na pale mbegu ilipokaa. Tarajia sufuria moja kwa gunia.

Tangawizi inataka kivuli, mboji na miezi minane hadi kumi. Ukiwa na haraka, fukua pembeni mwezi wa sita umege kipande, acha mama yake aendelee. Karoti isihamishwe kutoka kitaluni: sia pale itakapokua, kisha punguza bila huruma.

Wageni wasioalikwa ni wale unaowajua. Kuku wanafukua marando siku ya kwanza, kwa hiyo weka uzio wa mabua au wavu mpaka yashike. Fuko anakula kutoka chini. Kwenye eneo lake panda ndani ya magunia, au tandika wavu wa waya chini ya tuta kabla ya kulijaza.

Kuvusha mbegu kiangazi

Kila mwaka mvua za kwanza zikinyesha watu huhangaika kutafuta marando, na wanaoyapata hupata mabovu. Ukivuna, chagua viazi vitamu vidogo au vya wastani, vizima, visivyo na tundu hata moja. Vipange kwenye beseni au ndoo kwa tabaka za mchanga mkavu uliopoa, viazi visigusane, tabaka la mwisho liwe mchanga. Weka ndani ya nyumba penye kivuli na pasipofikiwa na panya. Kila mwezi mwaga, kagua, toa kilichooza, panga upya.

Wiki sita hadi nane kabla ya mvua kutarajiwa, vipande kwenye kitalu kidogo karibu na mlango wa jiko ambapo maji ni rahisi, ukizungushie uzio, umwagilie. Mvua zikishika utakuwa na marando yako mwenyewe, machanga na mengi, ya kupanda na ya kumgawia jirani. Miti ya muhogo ifunge mafungu, iweke wima chini ya mti, vitako vikiwa ndani ya udongo wenye unyevu kidogo. Inakaa hivyo miezi miwili bila shida. Siku ya kupanda, kata ncha zilizokauka mpaka ufike penye utomvu, na pingili yoyote isiyotoa utomvu iende kuwa kuni.